Mita 3 za Baraza, Sekunde 20 za Utulivu

Wachezaji wa PGA Tour kule Marekani, ambao gofu ndiyo ajira yao, kwa wastani hufika grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, kwa mikwaju inayotakiwa katika mashimo kama 12 tu kati ya 18. Mara 6 hivi kila raundi mpira hubaki pembeni, na hapo ndipo chipu, mkwaju mfupi wa kuelekea shimo, inapodaiwa. Sisi tunaocheza Jumamosi hukosa grini nyingi zaidi. Inaniuma kuona mazoezi yetu karibu yote yanaishia kwenye kupiga mbali.

Chipu haihitaji uwanja. Kwa hesabu wanayofundisha walimu wengi, fimbo ya pichingi weji huurusha mpira sehemu moja ya njia, kisha mpira ukabingirika sehemu mbili. Shimo likiwa mita 9 mbele yako, mpira utue mita 3 tu kutoka miguuni; mita 6 zilizobaki ni kazi ya nyasi. Mita 3 mabaraza mengi yanazo.

Tandika kipande cha zulia kuukuu, maana saruji huchubua fimbo na kuumiza kifundo cha mkono. Kunja taulo, liweke mita 3 mbele, na nyuma yake tundika shuka la zamani lidake mipira. Mpira halisi una karibu gramu 46 na hupasua kioo, kwa hiyo penye madirisha tumia wa sponji. Mpira halisi ukitua kwenye taulo utasikia "pu"; ukitua sakafuni, "ko!" Sikio linakuwa mwamuzi.

Sasa muda. Tangu 2019 sheria za gofu zinashauri mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40. Anayepiga mikwaju 90 akizimaliza zote 40 kila mara, hiyo ni saa nzima. Akitumia 20, ni nusu saa; kundi la watu wanne litaokoa saa 2.

Sekunde 20 ninazozitetea nazigawa hivi: 8 nyuma ya mpira kuchagua pa kutua, 6 kupunga fimbo mara mbili bila kuugusa mpira, 6 kupanga miguu, kutazama taulo mara moja na kupiga. Mpangilio usibadilike hadi mpira wa mwisho. Mipira 30 itachukua dakika 10. Zamani nilikuwa naipiga yote kwa dakika 3, nikihesabu wingi. Uwanjani, mbele ya mpira mmoja, mikono haikujua ianzie wapi.

Siku 5 kwa wiki ni mipira 150, kwa mwaka 7,800. Kwa ndoo za mipira 50 za uwanja wa mazoezi, hizo ni ndoo 156. Zidisha kwa bei ya klabu yako, ongeza nauli. Taulo, shuka na zulia viko nyumbani tayari.

Kasi ya grini na mteremko havipatikani barazani. Hivyo vifuate uwanjani. Shimo lina upana wa milimita 108, kama mipira miwili na nusu. Wewe anza na taulo. Ukilipata mara 15 kati ya 30, likunje tena.