Kiturkana na Kiteso: Lugha Hujulikanaje Kuwa Ndugu?

Sokoni Lodwar fedha huitwa ngaropiyae, na ng hiyo husomwa kama ng' ya ng'ombe. Neno hilo si la Kiturkana kwa asili. Ni rupia, fedha iliyotumika Kenya mpaka mwaka 1920, na rupia nayo yatokana na Kisanskriti, lugha kongwe ya India, ambamo rupya ni fedha iliyopigwa chapa. Basi muuza mbuzi wa ukingoni mwa mto Turkwel hutamka neno lenye asili ya Kisanskriti kila aendapo sokoni. Je, yafuata kwamba Kiturkana na Kisanskriti ni jamaa?

La, hata kidogo. Neno la fedha husafiri pamoja na fedha yenyewe, kama vile neno la nguo lisafirivyo na nguo. Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu, lakini ni lugha ya Kibantu. Atakaye kujua udugu wa lugha mbili hana budi kuacha maneno ya sokoni na kuyatazama yale ambayo mtoto huyasikia nyumbani kabla ya kujua kutembea: maji, moto, maziwa, jua. Kisha atazame jinsi maneno yanavyoundwa, maana umbo la lugha haliazimwi kwa urahisi kama neno moja moja.

India yatupa mfano mwepisi. Wagoa, ambao wengi wao walifanya kazi za ukarani na ushonaji katika Kenya wakati wa utawala wa Kiingereza, lugha yao ni Kikonkani. Maji kwa Kikonkani ni udak, na katika Kisanskriti ni udaka. Huko kazi ya mtaalamu imepunguzwa, kwa kuwa Kisanskriti kilihifadhiwa kwa kukaririwa na kuandikwa, naye aweza kuiweka lugha ya kale kando ya lugha ya leo na kuona palipobadilika. Kiturkana hakina bahati hiyo. Lugha ya wahenga wake haikuandikwa. Lililobaki ni kuwauliza ndugu.

Mmoja wa ndugu hao ni Kiteso, kisemwacho mashariki ya Uganda na katika Busia ya Kenya, mbali sana na Lodwar. Mturkana huita moto akim, na Mteso akim. Jua ni akolong kwa wote wawili. Ng'ombe jike ni aite huku na aite kule. Mtu aweza kusema kwamba hayo yametukia tu. Lakini na atazame yale yasiyolingana, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi. Maji kwa Kiturkana ni ngakipi, kwa Kiteso akipi. Maziwa ni ngakile, na Mteso husema akile. Watu ni ngitunga, na kwa Kiteso itunga. Tofauti ni ile ile kila mara: mahali ambapo Kiturkana huanza kwa ng katika maneno ya wingi, Kiteso hakina kitu. Kikaramojong pia kinayo ng hiyo, na kwa hiyo yaelekea kwamba Kiteso ndicho kilichoiacha njiani. Tofauti yenye kanuni namna hii haiwezi kuwa ya kubahatisha, wala si ya kuazimana.

Ndugu wa karibu zaidi ni Kikaramojong na Kijie vya Uganda, Kitoposa cha Sudan Kusini, na Kinyangatom cha bonde la Omo. Jamii hizi zote huitwa Ateker. Wazee wa Turkana husimulia habari za Nayece, mwanamke wa Kijie aliyekuwa akichuma matunda ya mwituni katika bonde la Tarach, na vijana wa kwao waliomkuta walipokuwa wakimfuata dume la ng'ombe aliyepotea, wakapendezwa na nchi, wakakaa. Tarach ndio mto ule ule ambao mchanga wake hupita Kakuma. Hadithi si hati ya serikali. Hata hivyo maneno ya maji na maziwa hayaipingi. Lakini si haki kusema, kwa sababu ya hadithi hiyo, kwamba Kiturkana ni Kijie kilichoharibika. Lugha zote mbili zimebadilika tangu siku ile, kila moja kwa njia yake.

Kimaasai ni jamaa wa mbali kidogo. Kumi ni tomon kwa Mmaasai na kwa Mturkana, lakini tano ni imiet kwa yule na kan kwa huyu. Tena sita kwa Mturkana husemwa tano na moja, hali Mmaasai analo neno lake, ile. Mwaka 1912 mtaalamu wa Ujerumani, Carl Meinhof, alikiweka Kimaasai katika lugha za Kihami, na kwa miaka mingi Wamaasai na Waturkana waliandikwa vitabuni kuwa nusu Wahami, kana kwamba mtu hawezi kufuga ng'ombe bila ya damu ya kigeni. Mmarekani Joseph Greenberg, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alizipanga lugha hizi kwa maneno na sarufi peke yake, akazirudisha zote kwa Waniloti, pamoja na Kijaluo na Kidinka.

Jambo hili lilipata maana mpya huko Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, kambi ya wakimbizi ilipoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa Sudan. Mdinka huita maji piu, Mjaluo pi, na ndani ya ngakipi ya Mturkana sauti hiyo ya pi yasikika. Walakini udugu wa kale namna hiyo haumwezeshi mtu kuomba maji kwa jirani yake akaeleweka, na penye kisima kimoja na watu wengi neno lisiloeleweka huzaa ugomvi upesi. Ndiyo sababu Mturkana na Mdinka huhitaji mkalimani, au Kiswahili. Kwa Ateker mambo ni mengine. Mwaka 1973 wazee wa Waturkana na wa Wamatheniko wa Karamoja walipofanya amani huko Lokiriama na kuzika silaha, kila upande uliweza kuyasikia maneno ya wenzake kwa masikio yake wenyewe.