Hiari ya Mteja Katika Fedha za Simu Mkoani Simiyu

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, ndio unaoongoza nchini kwa zao la pamba, na kila msimu wa ununuzi unapofunguliwa, aghalabu mwezi wa Mei, fedha nyingi huwafikia wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega kwa muda mfupi. Fedha hizo hazikai. Mkulima humpelekea mwanawe karo Mwanza, humlipa mwenye duka la pembejeo, humsaidia jamaa aliyeuguliwa, na hayo yote aweza kuyatimiza kwa simu ya kitochi bila kuinuka kitini. Kwa hiyo suala la nani amiliki njia zinamopita fedha hizo, na kwa ada gani, ni suala la riziki ya watu.

Mtazame wakala wa Bariadi katika kibanda chake. Mbele yake pana simu nne: ya Voda, ya Airtel, ya Halotel, na ya Yas, ambayo wengi hata leo huiita Tigo, na kando yake daftari lililopigwa mistari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mama mmoja amekuja kuweka fedha, na floti ya Voda, yaani salio la wakala, imekwisha. Wakala humwambia, “Mayu, Voda floti imeisha, nikuwekee kwenye Airtel, halafu uhamishie Voda mwenyewe?” Mama huuliza, “Na makato yake?” Katika maneno hayo machache yamo mambo mawili ambayo ndiyo roho ya ushindani wa haki: kwamba ipo njia ya pili, na kwamba mteja aijua bei kabla hajaridhia.

Njia hiyo ya pili haikuwapo tangu mwanzo. M-Pesa ya Vodacom ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ilipofuata, kila kampuni ilijizungushia ukuta wake. Aliyetaka kumtumia fedha mtu wa mtandao mwingine alituma namba ya siri kwa ujumbe, na mpokeaji ikamlazimu amtafute wakala wa mtandao uleule uliotuma, kwa ada iliyokuwa kubwa zaidi. Mwaka 2014, kwa majadiliano yaliyoratibiwa na IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia, Tigo, Airtel na Zantel zikapatana kufunguliana milango. Na Februari 2016 Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi kuliko wote, nayo ikajiunga, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani ambamo fedha za simu zavuka kutoka mtandao hadi mtandao. Mwaka huohuo wa 2014 Tigo ilianza kuwagawia wateja wake sehemu ya faida itokanayo na amana zao zilizowekwa benki, na wenzake wakafuata. Hakuna kampuni inayotoa ihsani ya namna hiyo pasipo kuhofia kwamba mteja aweza kuhama.

Lakini wingi wa majina si dhamana ya hiari. Asili ya udhalimu katika biashara hii ni pale mwenye njia anapokuwa pia mfanyabiashara apitaye katika njia hiyohiyo. Ni kama mtu aliyemiliki daraja la pekee la kuendea mnadani, naye mwenyewe ana ng’ombe wa kuuza: hana haja ya kuwakataza wenzake kuvuka, yatosha awatoze ushuru mkubwa, au awacheleweshe mpaka jua litue. Benki inayotaka kumhudumia mwenye kitochi hupita katika menyu za nyota na reli, na menyu hizo hupita katika mitambo ya kampuni za simu, ambazo zenyewe ni washindani wake katika kuhifadhi na kutuma fedha.

Ulimwengu mzima sasa unalikabili jambo hili. Huko Japani, ambako watu hununua programu za simu katika maduka ya Apple na Google, bunge lilipitisha sheria Juni 2024, iliyoanza kutumika kikamilifu Desemba 2025, inayowakataza wakubwa hao kuyazuia maduka mengine ya programu na njia nyingine za malipo. Kwani kwa miaka mingi muuzaji aliyelipwa ndani ya programu aliweza kukatwa hadi asilimia 30, na hatimaye mzigo huo humwangukia mnunuzi. Kwetu, Benki Kuu imejenga mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu mahali pamoja, na imeweka alama ya malipo ya TANQR ili mwenye duka asilazimike kubandika ukutani karatasi ya kila kampuni. Hiyo ndiyo kazi ya serikali: kulishika daraja ili lisiwe mali ya mchuuzi mmoja.

Kadhalika tusisahau kwamba ushindani una mpaka. Tozo ya serikali kwa miamala ya simu ilipowekwa Julai 2021, mteja hakuwa na pa kukimbilia, kwa kuwa iliwahusu wote sawia. Kilio cha wananchi ndicho kilichofanya ipunguzwe kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka ule.

Basi Benki Kuu na Tume ya Ushindani ziendelee kuilinda milango hii isifungwe kwa siri, na kampuni zitangaze ada zao kwa Kiswahili chepesi ambacho mkulima wa Meatu atakisoma bila mkalimani. Nawe msomaji, kabla hujabonyeza namba ya siri, uliza makato, linganisha mtandao na mtandao, na ukiona hutendewi haki, hama; tangu Machi 2017 sheria yakuruhusu kuhama na namba yako. Haki ya kuchagua isiyotumiwa huwafaa wafanyabiashara peke yao.