NYAYA NA VIUNGO VYA UMEME KATIKA MOTOKAA YA ZAMANI

Wako watu wenye motokaa ya zamani iliyolala chini ya mwembe au katika banda la nyuma, nao hudhani kwamba imekwisha kufa. Taa zake hutoa mwanga mwekundu kama wa kibatari, honi yalia kwa sauti ya mgonjwa, na injini haigeuki. Mwenyewe hununua betri mpya, na baada ya juma moja mambo ni yale yale. Aghalabu ugonjwa haumo katika betri. Umo katika viungo vidogo vya nyaya ambavyo havikutazamwa kwa miaka mingi. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari hiyo kwa mfano wa motokaa ambayo wazee wetu waliijua sana, yaani Land Rover za kwanza.

Motokaa hiyo ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika mji wa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na namna ile ya kwanza iliundwa mpaka mwaka 1958. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu, ikawekwa juu ya chasisi ya chuma. Umeme wake ni wa volti 12.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba umeme hutaka njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Katika motokaa, umeme huenda kwa waya, lakini hurudi kwa chuma cha motokaa yenyewe. Mafundi huiita njia ya kurudi “ardhi”. Katika Land Rover hizo ncha ya betri iliyofungwa katika chuma ni ile yenye alama ya kujumlisha (+), ambapo katika motokaa za siku hizi ni ile ya kutoa (–). Fundi asiyejua jambo hili huweza kufunga betri kinyume na kuharibu vyombo.

Sasa tazameni nguvu ya uchafu. Taa ya mbele ya wati 36 hutumia ampea 3. Kiungo chake kikiwa na kutu kiasi cha kuleta ukinzani wa nusu ya omu, volti moja na zaidi hupotea pale, na mwanga hupungua karibu theluthi. Kwa mota ya kuwashia injini hasara ni kubwa zaidi, maana ampea 100 zikipita penye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, volti nzima hupotea. Nayo haipotei bure: hugeuka kuwa joto la wati 100 mahali padogo kama ncha ya kidole. Tena nyaya za zamani zilivikwa mpira na uzi wa pamba, na mpira huo ukizeeka hukauka na kupasuka. Waya mtupu ukigusa chuma karibu na petroli, motokaa huungua, na pengine nyumba pamoja nayo.

Basi kazi ifanywe kwa utaratibu. Kwanza fungueni waya wa ardhi wa betri kabla ya waya mwingine wo wote, ili spana ikigusa chuma pasitoke cheche. Unga mweupe au wa kijani ulio juu ya ncha za betri huoshwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji, lakini maji hayo yasiingie ndani ya betri. Kausheni vema, sugueni mpaka risasi ing’ae, kisha fungeni na kupaka vaselini juu yake.

Pili, njia ya ardhi. Aluminiamu na chuma vikikutana penye maji, aluminiamu huliwa na kutoa unga mweupe usiopitisha umeme. Kwa hiyo ondoeni rangi na unga chini ya kila bolti ya ardhi kwa msasa, au wekeni waya mpya wa kurudi mpaka chasisi.

Tatu, viungo vya nyaya. Ncha zake ni vijiti vya shaba ya manjano, navyo huingia katika mkono mdogo wa chuma uliovikwa mpira. Vuteni kimoja kimoja, sugueni kwa brashi laini ya shaba, na kile kilicholegea kitupwe. Ncha mpya ikitiwa lehemu, tumieni lehemu yenye utomvu wa miti, si yenye asidi, maana asidi huendelea kuula waya baada ya fundi kwenda zake.

Nne, waya mbovu ubadilishwe mmoja mmoja, baada ya kuandika katika karatasi unakotoka na unakokwenda. Unene wake usiwe chini ya ule wa kwanza, na penye tundu la chuma pawekwe pete ya mpira. Rangi zina maana: hudhurungi hutoka katika betri bila kukatwa na swichi, nyeupe ni ya kuwashia injini, kijani hupita katika fyuzi baada ya swichi hiyo, nyekundu ni ya taa ndogo, buluu ni ya taa kubwa, nyeusi ni ardhi. Mwenye kubadili rangi kwa kuwa dukani hapakuwa na nyingine amemwekea mtego fundi wa kesho.

Mwisho, fungeni ardhi ya betri, washeni kitu kimoja kimoja, na kugusa kila kiungo kwa mkono. Kilicho cha moto bado ni kibovu. Fyuzi ikikatika, tafuteni sababu; msiweke msumari badala yake, maana fyuzi ni mlinzi, na msumari haulindi kitu.

Walimu wenye motokaa kama hiyo karibu na shule wanaweza kuwafundisha vijana hesabu hizi mbele ya chombo chenyewe. Gharama yake ni msasa, magadi na subira. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika motokaa ya zamani ufa huo ni kiungo kimoja kichafu, ambacho huweza kumwacha dereva gizani penye kona ya mlima.