Pima Ubao Kwanza

Milango ya nakshi ni sifa ya Unguja. Siku hizi fundi aweza kuchora kazi yake kwa kompyuta, na mashine ikaichonga. Programu iitwayo FreeCAD haina malipo.

Lakini jihadharini! Mimi wa Mpendae nilichora mlango wa kabati, nikaandika ubao unene milimita 25, maana uliitwa wa inchi moja. Kumbe ulikwisha pigwa randa, umebaki 21. Tundu la kitasa nililiagiza kina cha 22. Mashine ikatoboa ng'ambo. Ubao wa mfenesi ukaharibika, nami nikaulipa.

Basi shikeni haya. Kwanza, pimeni ubao wenyewe mahali patatu, ndipo muandike. Pili, tazameni kama kompyuta yahesabu inchi au milimita; inchi 1 ni milimita 25.4. Tatu, kisu cha mviringo chenye upana wa milimita 6 hakiwezi kuchonga pembe kali kwa ndani. Malizieni kwa patasi. Nne, jaribuni kwanza juu ya kipande kibovu.

Wazazi, mwenye kijana seremala amsomee haya. Mashine hutii tu. Haijui kwamba umekosea.