Baruti Ikikataa Kulipuka Ndio Noma Zaidi: Sababu Ndio Hii

Kama unaishi karibu na kwari pande za Mlolongo, unajua ile ngurumo: madirisha yanatetemeka, watoi wanapiga nduru, vumbi inapanda. Wewe unaogopa ile imelipuka. Wasee wa kwari wanaogopa ile imekataa.

Iko hivi. Baruti nyingi za kupasua mawe siku hizi si kama za movie, ati kiberiti moja na kila kitu inaenda. Lazima zigongwe na wimbi la mshtuko, yaani presha inayopita ndani kwa kasi kushinda sauti. Na hata hiyo presha husaidiwa. Kazi chafu inafanywa na vipovu vidogo sana ndani ya baruti.

Ushawahi kupampu baiskeli ukashika pampu pale chini? Inachoma, ama? Hewa ikifinywa haraka hupata moto. Sasa wimbi likipita, kila kipovu kinafinywa ghafla, hapo panachemka balaa, na mlipuko unaanzia hapo. Bowden na Yoffe, watafiti wa Cambridge, waliandika kitabu kuhusu hivyo vijisehemu vya moto mwaka wa 1952.

Lakini sasa shika hii. Wimbi dhaifu likitangulia, linaminya vipovu bila kulipua kitu. Baruti inabaki imezubaa. Ukiigonga saa hiyo, hata kwa nguvu, inaweza kunyamaza tu. Kwa kwari hutokea mashimo yakiwa yamekaribiana sana: moja likilipuka milisekunde chache mapema, linaua nguvu ya jirani.

"Linaua" ni vile tunasema tu. Kuna baruti zenye vitufe vya glasi vilivyo tupu ndani. Hivyo vikivunjika ndio basi. Zile za vipovu vya gesi zinaweza kufufuka presha ikiisha. Na kile kiwashio ndani ya shimo kinaweza kuwa bado kizima kabisa.

Ndio maana fundi wa baruti hurudi kukagua mwamba kabla mtu yeyote aingie, na kutoboa tena shimo la jana ni mwiko. Drili ikigonga mabaki, hakuna kukimbia.

Kwa hivyo wewe unayeenda hapo kuponda kokoto ama kuokota mawe: ukiona waya ama kamrija ka rangi kanachungulia kwa jiwe, usivute, usigonge na nyundo. Rudi nyuma, zuia wengine, umuite fundi mwenyewe.