Nzi wa Matunda na Mfuko Mweusi

Fungua ukurasa wowote wa mtandaoni kuhusu nzi wa matunda, ushauri utakuwa ule ule: okota matunda yaliyoanguka, yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge kabisa, uuache juani siku kadhaa. Joto litawamaliza mabuu kabla hawajatoka kuingia ardhini na kugeuka nzi wapya. Ni ushauri wa wataalamu, tena wa bei nafuu.

Ulinikera kwa sababu nilikuwa nikiusoma mwezi wa Julai. Anayeishi upande wa Loresho, Kangemi au Uthiru hapa Nairobi anaijua Julai: mawingu yanashinda yamelala juu ya mapaa, na nguo zinakaa kambani hadi zinaanza kunuka. Jua la kuchemsha mapera ndani ya mfuko litoke wapi? Na mfuko wenyewe ni upi? Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku nchini, na sheria ilikuja na faini ya hadi shilingi milioni 4. Mifuko ya taka iliachiwa mlango, lakini kwa masharti.

Nikamtafuta mtu anayeishi na ushauri huo mkononi. Ni mtunza miti, mzee wa makamo, makao yake Kangemi na riziki yake Loresho, kwenye nyumba zenye mipera, miparachichi na milimau. Aliomba jina lake lisichapishwe, maana waajiri wake husoma magazeti.

"Kurasa hizo ninazo zote," aliniambia, akitoa simu. Hazisomi mtandaoni. Amezipiga picha za skrini moja moja, kwa sababu bando humwishia akiwa juu ya ngazi. Anazo za Infonet-Biovision, za Plantwise, na za KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo makao yake makuu yako hapo hapo Loresho, barabara ya Kaptagat. Amezipanga kwa miti: mpera, parachichi, mwembe. Faili moja ameiita "Uongo". Humo ameweka matangazo ya dawa za kupuliza mara moja tu na kusahau.

Mdudu mwenyewe tunamjua. Yule wa kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa nchini mwaka 2003 na akaenea sehemu kubwa ya Afrika kwa kasi ya kutisha. Ni yeye hasa aliyeifanya Kenya isimamishe kuuza maembe Ulaya mwaka 2014, soko lisifunguke tena hadi 2021. Na utafiti mwingi wa kumkabili umetoka jijini humu humu, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Kasarani. Kwa hiyo hatuna uhaba wa maarifa. Mzee huyu ana uhaba wa kitu kingine.

Nilimuuliza kuhusu mitego, ile chupa yenye chambo inayoning'inia matawini. Akacheka. Mwajiri wake mmoja alisoma, akaenda mjini, akanunua, akaitundika mwenyewe kwenye mpera. "Chupa ikajaa nzi, mwenyewe akafurahi. Akaipiga picha akawatumia majirani. Lakini mapera? Yalioza vile vile." Chambo hicho, methili eujenoli, huvuta madume. Anayetoboa tunda na kutaga ni jike, na madume wachache tu wakibaki hai wanatosha kuwapanda majike wengi. Ndiyo maana wataalamu husema mtego peke yake hautoshi: kuna chambo cha protini kinachowavuta hata majike, kwa kuwa wanaihitaji ili mayai yao yakomae, na kuna usafi wa shamba.

Tena kuna hili, ambalo sikulitarajia. Nzi wa Asia hupenda joto la maeneo ya chini. Kwenye miinuko kama hii utawakuta pia nzi wa jamii ya Ceratitis, wenyeji wa Afrika, na hao methili eujenoli haiwashughulishi hata kidogo. Kurasa nyingi zimeandikwa kwa ajili ya mwenye maembe wa Makueni au Pwani. Mwenye mpera mmoja Loresho huzisoma kana kwamba zinamhusu yeye.

"Hawa wa mtandaoni wanamjua mdudu," mzee alisema. "Hawamjui mwajiri wangu."

Ndipo tukarudi kwenye mfuko. Amewahi kuujaribu, akitumia mfuko wa taka. Aliujaza mapera, akaufunga, akauweka nyuma ya nyumba ya kuku kama ukurasa ulivyosema. Wiki yote jua halikutoka. Alipoufungua, funza walikuwa wazima, tena wenye afya. "Wanaruka! Umewahi kuona funza akiruka? Anajikunja hivi, anajifyatua." Akanionyesha kwa kidole. Hakukosea, buu wa nzi wa matunda huruka hivyo akitafuta udongo wa kujificha.

Basi chimba, ukurasa unasema, angalau nusu mita. Huku Loresho nyasi zimelipiwa fundi, hakuna mwenye nyumba anayetaka shimo jipya kila wiki karibu na veranda. Kangemi nako, anakolala yeye, kuna mpera mmoja katikati ya ploti iliyomwagiwa saruji ukuta hadi ukuta. Uchimbe wapi? Kuku ndio anaowasifu kuliko dawa yoyote. Waachie chini ya mti, watakula funza na kupekua udongo, lakini kuna waajiri wasiotaka kuku waonekane.

Anachokitamani ni hema. Ameliona kwenye picha tu: hema dogo la wavu ambamo matunda mabovu hutupwa. Nzi wakitoka humo wanakwama na kufa. Matundu ya wavu yamepimwa ili nyigu wadogo, maadui wa nzi, wapite na kurudi matawini kuendelea na kazi yao. Mmoja wa nyigu hao, Fopius arisanus, aliletwa na icipe kutoka Hawaii. Hutaga ndani ya mayai ya nzi, na mwishowe anatoka nyigu badala ya nzi. Mzee alinieleza haya yote bila kusoma popote, macho yakimwaka. Hema halihitaji jua wala shimo, wala mfuko wa kukuletea askari wa mazingira.

Linahitaji mahali pa kusimama, na watu wa kulijaza. Hapo ndipo mazungumzo yalipochacha. Hema moja lingetosha nyumba kadhaa, anadhani, lakini liwe kwenye ua wa nani? Gari la taka hupita mara moja kwa wiki, na kufikia siku hiyo funza wengi wameshaingia ardhini. Kikao cha wakazi hujadili walinzi na taa za barabarani. Na soko la Marikiti bado linapokea malori ya maembe kila msimu, mengine yakiwa yamebeba funza tayari.

Nilimuuliza kama amewahi kumwambia jirani wa nyumba anayofanyia kazi, yule mwenye mpera mkubwa unaoinamia ukuta.

"Yuko ng'ambo miaka sasa. Nyumba iko kwa wakala, na wakala haji ila kodi ikichelewa. Mapera yanaanguka kila siku, huku na huku. Ya huku naokota mimi, nalipwa. Yale ya kule, bwana mwandishi, nani aokote?"