Gemu linagandaganda? Usiuze ndama kwanza!

Jamani, vijana wetu wa Mara wana ugonjwa mpya. Mtu ananunua laptopu iliyokwishatumika ughaibuni, anaitia gemu la mpira, kisha straika anakimbia kama yuko kwenye tope: hatua mbili, anaganda, hatua tatu, anaganda tena. Muulize kulikoni, atakujibu bila kupepesa macho: "Prosesa imechoka." Kila kosa prosesa! Maskini, imekuwa kama mkwe asiyependwa.

Mimi kesi hiyo naikataa. Wakazi wa Musoma wanaijua safari ya Kinesi kwa kivuko. Uwe na pikipiki ya kasi au lori bovu, wote mtakisubiri kivuko kilekile na ng'ambo mtafika pamoja. Kompyuta nayo ndivyo ilivyo. Prosesa inapiga hesabu, RAM inashika kazi za sasa hivi, diski inatunza mafaili, na kuna sehemu ya kuchora picha. Gemu zima linakwenda kwa mwendo wa yule aliye mzito kuliko wenzake.

Mpwa wangu wa Bunda alibakiza kidogo tu auze ndama.

"Mjomba, fundi kasema hii basi tena, ninunue nyingine."

"Ngoja kwanza, tuiulize yenyewe," nikamwambia.

Gemu likiwa wazi, tukabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Prosesa ilikuwa asilimia 40 tu, haina hata jasho. RAM, GB 4 basi, imejaa mpaka shingoni. Diski asilimia 100! Mchawi kaonekana mchana kweupe.

Ukweli ni kwamba laptopu hizi za bei nafuu hazina kadi ya michoro yenye kumbukumbu yake. Mchoraji anamegewa RAM ileile. Windows 10 nayo inakula karibu GB 2 kabla hujafungua kitu. Kilichobaki kikizidiwa, kompyuta inakimbilia kuweka mizigo kwenye diski, na diski ya zamani ni sahani inayozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kisindano kinachohangaika kutafuta data huku na huku. Straika anaganda hapo hapo. Tulitia kipande cha pili cha GB 4, tukaitoa diski na kuweka SSD, vyote kwa fedha isiyofikia bei ya ndama. Vipande viwili vinavyolingana, kwa mashine kama hii, ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu data inapata njia mbili badala ya moja na mchoraji hasubiri sana.

Butiama nilikuta kesi nyingine kabisa. Kijana ana GB 8, ana SSD, na gemu bado linavuta miguu. Nikapunguza ukubwa wa picha kutoka 1366 kwa 768 hadi 800 kwa 600. Likaruka! Kama prosesa ndiyo ingekuwa inabana, mwendo usingebadilika sana, maana hesabu za gemu ni zilezile. Anayebana hapo ni mchoraji, na katika laptopu nyingi amegandishwa ndani, habadilishwi. Kijana akakubali picha zenye chengachenga. (Serikali ya Mwalimu, mwana wa kijiji hichohicho, ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974. Yeye mwenyewe alipenda bao: mashimo 32, kete 64, na halijawahi kuganda.)

Siyo kwamba prosesa ni malaika. Kama gemu linaanza vizuri, halafu baada ya dakika 15 linalegea, shika kitako cha mashine. Kinaunguza? Wengi wanaiweka juu ya godoro, tundu za hewa zimezibwa, feni imejaa vumbi la barabarani. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Dawa yake ni brashi, pasti mpya na meza ngumu. Chaja nayo ichomekwe, kwani kwenye betri laptopu nyingi hubana nguvu makusudi.

Na kabla hujapanda basi kwenda Mwanza kutafuta RAM, fungua kifuniko usome kama ni DDR3 au DDR4, maana moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine hata uisukume vipi. Baadhi zimechomelewa kabisa na hazina nafasi ya kuongeza. Hapo ndipo unaweza kuanza kumwangalia ndama.